Jinsi ya kutumia skeli za kiharusi kukadiria mgonjwa atafika wapi: mwongozo kwa anayeanza

Swali ninaloulizwa zaidi na wauguzi na madaktari wanafunzi wanaoingia wodi ya kiharusi ni hili: "Mgonjwa ana NIHSS 18. Atapona?" (NIHSS ni skeli ya alama inayopima ukali wa kiharusi.) La pili: "Skeli ni nyingi, nitumie ipi?" La tatu huja kwa sauti ya chini: "Mimi nimepata 9, mwenzangu kapata 13, nani kakosea?" Nimeyajibu mara nyingi kando ya kitanda. Sasa nayaweka yote mahali pamoja.

La kwanza nalijibu mapema, maana ndilo linalobeba mengine yote. Skeli haikuambii mtu huyu aliyelala mbele yako atakuwaje. Inakuambia wagonjwa waliofanana naye, waliofuatiliwa zamani, waliishia wapi. Namba iliyopatikana kwa uangalifu inakusaidia kupanga matibabu na kuzungumza na ndugu kwa ukweli. Iliyopatikana kwa haraka inaweza kumkatia tamaa mtu ambaye angeishi. Hesabu yenyewe utaiona kwenye hatua ya 5.

Andaa kwanza

- Fomu ya NIHSS yenye maelekezo kamili ya kila kipengele, pamoja na picha na maneno ya kusomwa na mgonjwa. Fomu fupi yenye majina ya vipengele tu itakupotosha.
- Saa inayoonyesha sekunde, tochi ndogo, na pini mpya kwa kila mgonjwa.
- Kipimo cha sukari. Pima kabla ya jambo lolote, kwa sababu sukari iliyoshuka sana inaweza kuiga kiharusi hadi kupooza upande mmoja.
- Saa ambayo mgonjwa alionekana mzima mara ya mwisho. Angalia: si saa aliyokutwa ameanguka. Aliyelala mzima saa nne usiku akaamka amepooza saa kumi na mbili asubuhi, saa yake ni ya nne usiku.
- Picha ya CT ya kichwa (eksirei inayoonyesha ubongo mkato kwa mkato). Bila picha huwezi kujua kwa uhakika kama mshipa umeziba au umepasuka, na skeli nyingi za kutabiri zimetengenezwa kwa aina moja tu kati ya hizo.
- Mtu anayemfahamu mgonjwa, akueleze alikuwaje kabla: alitembea mwenyewe? Alivaa na kuoga bila msaada? Anasikia vizuri? Anaongea lugha gani?

Onyo moja kabla hujashika kalamu. Matibabu yasisubiri utabiri. Mgonjwa wa mshipa ulioziba aliyewahi ndani ya saa 4.5 anaweza kufaa kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na kila dakika inayopita ubongo unakufa. NIHSS inahitajika hapo hapo, nayo kwa aliyezoea haifiki dakika 10. Skeli nyingine zote zinaweza kusubiri.

Hatua ya 1: Amua unatabiri nini

Wengi huruka hatua hii, wakapata namba wasiyojua ya nini. Kifo ndani ya siku 30 ni swali moja. Kujitegemea baada ya miezi 3 ni swali lingine. Je, mkono utarudi kushika kitu? Hilo nalo lina kipimo chake.

Matokeo ya miezi 3 kwa kawaida hupimwa kwa skeli ya Rankin iliyoboreshwa, ambayo ina ngazi 7. Sifuri hana dalili yoyote. 1 ana dalili lakini anafanya kila alichokuwa akifanya. 2 hawezi yote ya zamani ila anajihudumia bila msaada. 3 anahitaji msaada kiasi lakini anatembea mwenyewe. 4 hatembei bila kushikwa. 5 yuko kitandani na anahitaji uangalizi wakati wote. 6 amefariki. Unaposoma "matokeo mazuri" katika tafiti za kiharusi, mara nyingi maana yake ni 0 hadi 2.

Muulize ndugu ngazi ya mgonjwa kabla ya kiharusi na uiandike. Aliyekuwa 4 tangu mwaka jana hawezi kutarajiwa kufika 1.

Hatua ya 2: Fanya NIHSS kwa mpangilio, ukitoa alama kwa unachokiona

NIHSS inaanzia 0 hadi 42, na namba ikiwa kubwa hali ni mbaya zaidi. Fuata fomu kutoka juu hadi chini, usirukeruke. Usirudi nyuma kubadilisha alama. Usimfundishe mgonjwa jibu. Jibu la kwanza ndilo linalohesabiwa.

a) Fahamu. Kwanza mtazame kabla ya kumgusa: yuko macho, anasinzia lakini anaamshwa kirahisi, au anahitaji kusukumwa na kuumizwa kidogo? Kisha muulize mambo mawili tu: sasa ni mwezi gani, na ana umri gani. Jibu la karibu halikubaliki. Akikosea umri kwa mwaka mmoja, amekosea. Kisha amri mbili: fumba na fumbua macho, kunja na kunjua mkono ulio mzima.

b) Macho na uso. Angalia kama macho yanafuata kidole kwenda pande zote mbili, pima uwanja wa kuona kila pembe, mwambie aonyeshe meno na afumbe macho kwa nguvu.

c) Mikono. Hapa ndipo wanaoanza hutofautiana sana, kwa hiyo nitakaa kidogo. Anza na mkono ulio mzima. Uinue wewe hadi mahali pake, viganja vikitazama chini: nyuzi 90 akiwa ameketi, nyuzi 45 akiwa amelala. Uachie. Hesabu hadi 10 kwa sauti, huku ukimwonyesha hesabu kwa vidole vyako, ili hata asiyeelewa maneno aone kwamba kazi inaendelea. Mkono ukibaki pale pale, 0. Ukishuka lakini usiguse kitanda, 1. Ukijitahidi kupambana na uzito wake kisha ukaanguka kitandani kabla ya 10, 2. Ukianguka mara moja lakini bado unajongea, 3. Usipojongea kabisa, 4. Ukiruka kidogo pale ulipouachia halafu ukatulia, hiyo si alama.

d) Miguu. Daima amelala chali, nyuzi 30, hesabu hadi 5. Sheria za alama ni zile zile.

e) Uratibu wa viungo. Kidole kwenye pua, kisigino kwenye muundi. Toa alama ikiwa tu mparaganyiko umezidi ule unaoelezwa na udhaifu wenyewe. Mkono uliopooza kabisa unapata 0 hapa, na mgonjwa asiyeelewa maelekezo naye anapata 0. Kosa hili nimelisahihisha kwenye fomu nyingi sana.

f) Hisi, lugha, matamshi, na kupuuza upande mmoja (mgonjwa hatambui kilicho upande mmoja wa mwili wake au wa mazingira yake). Tofautisha lugha na matamshi. Anayesema maneno sahihi kwa ulimi mzito ana tatizo la matamshi. Anayetamka vizuri lakini anaita kiti "kalamu" ana tatizo la lugha.

Mgonjwa aliye katika koma kamili haachiwi vipengele wazi: lugha 3, hisi 2, maswali 2, amri 2. Aliyewekewa mrija wa kupumulia hapimwi matamshi. Andika sababu, usiandike sifuri.

Hatua ya 3: Andika kila kipengele, si jumla peke yake

Jumla ya 10 inaweza kuwa mkono na mguu vilivyopooza, au mtu anayetembea vizuri lakini amepoteza lugha yote na nusu ya uwanja wake wa kuona. Hawa wawili hawaelekei mahali pamoja.

Mfano nitakaoutumia hadi hatua ya 4: mama wa miaka 70 mwenye presha, upande wa kulia umepooza, amefika saa 5 baada ya kuanza. Fahamu 1, maswali 1, amri 0, macho 1, uwanja wa kuona 1, uso 2, mkono wa kulia 3, mguu wa kulia 2, uratibu 0, hisi 1, lugha 2, matamshi 1, kupuuza 0. Jumla 15.

Namba hiyo ina maana gani? Katika uchambuzi wa wagonjwa wa TOAST, jaribio la dawa ya kiharusi, uliochapishwa 1999, waliokuwa na 16 au zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa wa kufa au kubaki na ulemavu mkubwa, na waliokuwa na 6 au pungufu walielekea kupona vizuri. Katikati pale, alipo mama huyu, NIHSS peke yake haitoshi.

Tena ina upungufu wa asili. Alama 7 kati ya 42 zinategemea lugha (maswali, amri na lugha yenyewe), lakini kupuuza upande mmoja kuna alama 2 tu. Kwa hiyo kiharusi cha kulia mwa ubongo kinaweza kuwa kikubwa na kupata namba ndogo kuliko cha kushoto chenye ukubwa ule ule. Kiharusi cha nyuma ya ubongo hupungukiwa zaidi: mtu anatapika, anaona kizunguzungu, hawezi kuketi bila kushikwa, na fomu inasema 1 au 2. Kwa sababu hiyo kila mgonjwa mwenye namba ndogo mketishe, na kama ni salama msimamishe, kabla hujaandika neno "kidogo" kwenye faili.

Hatua ya 4: Mshipa ukiwa umeziba, tumia ASTRAL au THRIVE

ASTRAL inatabiri uwezekano wa kuwa Rankin 3 au zaidi baada ya miezi 3. Ilitokana na wagonjwa wa Lausanne, Uswisi, na haihitaji hesabu ngumu:

- umri: alama 1 kwa kila miaka 5
- NIHSS ya kufika: iingize ilivyo
- amefika baada ya zaidi ya saa 3: 2
- uwanja wa kuona una kasoro: 2
- sukari zaidi ya 7.3 au chini ya 3.7 mmol/L: 1
- fahamu imepungua: 3

Mama yetu, sukari yake ikiwa 9: 14 + 15 + 2 + 2 + 1 + 3 = 37. Kwenye ASTRAL alama 31 ni kama nusu kwa nusu. Kwa hiyo 37 inasema wengi wa waliofanana naye walihitaji msaada wa mtu mwingine, au walifariki, ndani ya miezi 3.

THRIVE ni fupi zaidi. Umri 60 hadi 79 ni 1, kuanzia 80 ni 2. NIHSS 11 hadi 20 ni 2, kuanzia 21 ni 4. Presha, kisukari, na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ya fibrilesheni ya atiria, kila moja ni 1. Inaishia 9: 0 hadi 2 hatari ndogo ya matokeo mabaya, 3 hadi 5 ya kati, 6 hadi 9 kubwa. Mama yetu ana 4, kundi la kati. Sukari ya 9 ya siku ya kwanza haimfanyi kuwa mgonjwa wa kisukari. Ulizia historia yake.

Unaona zinatofautiana: moja inaelekea upande mbaya, nyingine inamweka katikati. Usichague inayokupendeza. Chagua moja kabla ya kuhesabu, na wodi nzima itumie hiyo hiyo. Mimi napendelea ASTRAL pale NIHSS inapofanywa na watu waliofundishwa, kwa sababu haiipotezi tofauti kati ya 11 na 20.

Hatua ya 5: Mshipa ukiwa umepasuka, tumia alama za ICH, kwa tahadhari kubwa

ICH ni kifupi cha Kiingereza cha kuvuja damu ndani ya ubongo. Skeli hii ya Hemphill na wenzake, ya 2001, inatabiri kifo ndani ya siku 30. Ina vitu vitano:

- skeli ya koma ya Glasgow (kipimo cha fahamu, 15 ni macho kabisa, 3 ni koma nzito): 13–15 ni 0, 5–12 ni 1, 3–4 ni 2
- ujazo wa damu ni mililita 30 au zaidi: 1
- damu imeingia kwenye ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo): 1
- chanzo kiko chini, kwenye shina la ubongo au serebela (ubongo mdogo wa nyuma): 1
- umri miaka 80 au zaidi: 1

Katika utafiti wa awali waliofariki walikuwa hivi: alama 0, hakuna; alama 1, asilimia 13; alama 2, asilimia 26; alama 3, asilimia 72; alama 4, asilimia 97; alama 5, wote. Utafiti huo ulikuwa na wagonjwa 152.

Ujazo unaupata kwa kuzidisha A, B na C kisha kugawa kwa 2, vyote kwa sentimita. A ni upana mkubwa kuliko wote kwenye mkato wenye damu nyingi zaidi, B ni upana unaokata A kwa pembe mraba, C ni idadi ya mikato yenye damu mara unene wa mkato. Lakini mikato haihesabiki sawa. Mkato ambao eneo lake la damu linazidi asilimia 75 ya ule mkubwa ni 1, wa 25 hadi 75 ni nusu, wa chini ya 25 usiuhesabu.

Sasa ile hesabu niliyokuahidi. Mzee wa miaka 62, Glasgow 10, damu imeingia kwenye ventrikali. A ni sm 5, B ni sm 4, mikato ina unene wa mm 5. Inayoonyesha damu ni 8: mitano ni mikubwa, miwili ni nusu, mmoja ni mdogo sana. 5 + 1 + 0 = 6, mara sm 0.5 ni sm 3. Basi 5 × 4 × 3 ÷ 2 = mililita 30 kamili. Glasgow 1, ujazo 1, ventrikali 1: jumla 3, asilimia 72.

Mwenzako akiona mmoja wa ile mikato miwili haufiki asilimia 25, C inakuwa sm 2.75, ujazo mililita 27.5, jumla 2. Asilimia 26. Mzee ni yule yule, picha ni ile ile. Nusu ya mkato mmoja imempeleka kutoka kundi ambalo wengi walifariki hadi kundi ambalo wengi waliishi.

Ndiyo maana nasisitiza: usitumie namba hii peke yake kupunguza matibabu. Wagonjwa waliowahi kukatiwa tamaa mapema wamo ndani ya tafiti zilizozaa skeli hizi. Walifariki kwa sababu waliachwa, na vifo vyao vikaifanya skeli ionekane imesema kweli. Mwongozo wa American Heart Association na American Stroke Association wa 2022 unashauri kwamba, kama mgonjwa hakuwa ameacha maelekezo yake, uamuzi mpya wa kutomfufua moyo ukisimama au kuondoa matibabu usubiri walau hadi siku kamili ya pili hospitalini.

Hatua ya 6: Siku ya 3, pima mkono na mguu

Haya ndiyo ndugu wanayotaka kujua kwa kweli: atashika kitu? Atatembea? Vipimo viwili vya kando ya kitanda, vilivyotafitiwa Uholanzi kwa wagonjwa wa mshipa ulioziba, vinajibu vizuri kuliko namba kubwa za mwanzo.

Ndani ya saa 72, mwambie anyooshe vidole vya mkono dhaifu na ainue bega kwa pembeni. Walioweza vyote viwili, hata kidogo, walikuwa na uwezekano wa asilimia 98 wa kurudisha kiasi fulani cha ustadi wa mkono baada ya miezi 6. Wasioweza, asilimia 25.

Kwa kutembea: mketishe ukingoni mwa kitanda bila kuegemea, uhesabu sekunde 30, ukiwa umesimama karibu kabisa naye. Kisha tazama mguu uliopooza kama misuli inakaza kwenye nyonga, goti na kifundo. Walioketi sekunde 30 na kuwa na nguvu hizo za mguu, asilimia 98 walitembea wenyewe baada ya miezi 6. Waliokosa vyote viwili, asilimia 27. Ona kwamba hata hao si sifuri. Warudie baada ya siku chache, maana wengine hubadilika.

Hatua ya 7: Rudia NIHSS

Ya kufika, saa 2 baada ya dawa ya kuyeyusha damu kama alipewa, saa 24, siku ya 7 hadi 10, kisha miezi 3. Ya saa 24 hutabiri vizuri kuliko ya kufika, kwa hiyo kama huna haraka ya kusema, isubiri. Ikipanda kwa 4 au zaidi, hilo si suala la utabiri tena: mwite daktari sasa hivi, na mgonjwa apigwe picha upya.

Hatua ya 8: Zungumza na ndugu

Usiwape namba ya skeli. "NIHSS 15" haina maana kwao, na kesho watailinganisha na ya kitanda cha jirani. Ongea kwa watu: "Katika wagonjwa 100 wenye hali kama ya mama, wengi watahitaji mtu wa kuwasaidia baada ya miezi mitatu, na wapo watakaojihudumia wenyewe. Bado hatujui mama yuko kundi lipi. Keshokutwa tutampima tena mkono na mguu, tutawaeleza tulichoona." Kisha nyamaza, uwaache waulize.

Ukikwama

*Namba zetu hazifanani.* Tofauti ya 1 au 2 ni ya kawaida. Ikizidi, msijadili jumla. Wekeni fomu mbili kando kwa kando mtafute kipengele. Mara nyingi ni mkono, uratibu, au lugha.

*Ana kiharusi cha zamani.* Toa alama kwa unachokiona leo, cha zamani kikiwemo, kisha andika pembeni kipi ni cha zamani. Utabiri wake upokee kwa mashaka zaidi.

*Amepewa dawa ya usingizi, au ametoka kupata degedege.* Namba itakuwa kubwa kuliko ukweli. Andika hali hiyo na saa, urudie akizinduka.

*Hakuna CT.* Usitumie ASTRAL, THRIVE wala ICH kwa kubahatisha aina. Ipo skeli ya vigezo sita rahisi: umri, kama aliishi peke yake, kama alijitegemea kabla, kama anaongea sawasawa kwa kipimo cha Glasgow, kama anainua mikono yote, kama anatembea. Hata bila kuingiza kwenye fomula, majibu hayo sita yanakupa picha ya kweli.

*Hajibu maswali, lakini anaonekana yuko macho kabisa.* Kabla hujaandika afasia (kupoteza lugha), tafuta sababu iliyo nje ya ubongo. Niliwahi kumpa mama mmoja mzee 2 kwenye maswali, 2 kwenye amri, 2 kwenye lugha, jumla 13, nikawaeleza wenzangu kwamba hali ni nzito. Asubuhi binti yake alipofika alimtazama mama yake masikioni, akafungua mkoba uliokuwa chini ya kitanda, akatoa kifaa cha kusikia na kumvalisha. Nilipompima upya alipata 7. Tangu siku hiyo swali la masikio naliuliza kabla ya swali la mwezi.